Namna ya Kulimudu Neno "Break" la Kiingereza

Kujua kwamba "break" ni kuvunja hakukufikishi mbali. Kukipambazuka, Kiingereza husema "break". Homa ikishuka, vita vikizuka, hata biashara isipoleta faida wala hasara, neno ni hilo hilo. Kukariri maana moja moja ni kujichosha bure. Angalia neno lililolitangulia na linalolifuata, kwa sababu maana imekaa huko.

Kwanza, yashike maumbo yake matatu: break, broke, broken. "Breaked" haipo. Baada ya "have" au "has" tumia la tatu: "I have broken my phone", wala si "I have broke". Umbo la pili lina kazi nyingine pia. "I am broke" maana yake nimeishiwa, sina hata senti, ilhali "I am broken" ni mtu aliyeumia rohoni. Hilo la kwanza ni la maongezi. Katika barua ya kuomba mkopo kazini usiliandike.

Pili, tazama kama kuna mtendwa. Kiswahili kina "vunja" na "vunjika", kiambishi kinamaliza kazi. Kiingereza hakina kiambishi hicho, kinategemea nafasi ya maneno: "I broke the glass" ni nilivunja glasi, "The glass broke" ni glasi ilivunjika. Basi mtu huitafuta ile "-ika" asiione, akaazima "was" na kuandika "The glass was broke". Kosa hilo hilo huzaa "Cholera was broken out". Ugonjwa, moto na vita huzuka vyenyewe: "Cholera broke out in the camp." Hakuna "was" hapo.

Sehemu inayowapoteza hata waliosoma sana ni ya hali ya hewa na mwili. Sisi tukisema mvua imekatika, imekwisha. Mwingereza akisema "The storm broke", dhoruba ndiyo kwanza imeanza. "The rains broke", mvua za msimu zimeanza. Lakini "The drought broke" ni ukame umekoma, na "The fever broke" ni homa imeshuka. Neno moja, mwanzo hapa, mwisho pale! Ufunguo ni kujiuliza: ni hali gani iliyokuwa imetanda, kisha ikakatizwa? Kabla ya dhoruba palikuwa na utulivu, na utulivu ndio uliokatizwa. Kabla ya homa kushuka, iliyotanda ni homa yenyewe. Kipimo hicho kinafanya kazi pia kwenye "day broke", kumepambazuka, na "the news broke", habari zimetoka kwa mara ya kwanza. Umeme ukikatika, hata hivyo, usiseme "the electricity broke". Sema "the power went out". Kamba ikikatika ni "broke", nguo ikichanika ni "tore".

Tatu, vijineno vinavyofuata. Hivi havitafsiriki peke yake, jifunze kila kimoja na sentensi yake.

"Break down" ni la gari kuharibika njiani, la mazungumzo ya amani kuvunjika, la mtu kuangua kilio, na pia la kuchanganua bajeti kipengele kwa kipengele. "Break up" ni wapenzi kuachana, lakini Uingereza "School breaks up on Friday" ni shule inafunga Ijumaa. Na mtu akikuambia kwenye simu "You're breaking up", hakuachi. Sauti yako inakatikakatika, tafuta mtandao. "Break in" ni kuvunja na kuingia, na ukitaja mahali, tumia "into": "They broke into the shop." Viatu vipya navyo unavi-"break in", yaani unavivaa kidogo kidogo mpaka vilegee.

"Break even" halichukui mtendwa kamwe. Tuseme sambusa moja unaiuza shilingi 500, unga, nyama na mafuta vinakula 300, inakuachia 200. Kodi ya kibanda na ujira wa msaidizi ni 20,000 kwa siku. Ukiuza sambusa 100 umefika pale pale: "We broke even." Ya 101 ndiyo inayoanza kukupa faida. Usiandike "We broke even the money".

Sasa tuangalie "vunja" yetu. Kuvunja sheria, ahadi, rekodi na ukimya vyote vinakwenda sawa na "break". Hata kuvunja noti: Marekani utasikia "Can you break a twenty?" Mtego uko kwenye moyo. Kumvunja mtu moyo ni kumkatisha tamaa, kwa Kiingereza "discourage". "He broke my heart" ni jeraha la mapenzi au huzuni kubwa. Ukimwandikia mwalimu kwamba alama zake zimekuvunja moyo ukatumia "broke my heart", umekuza jambo. Bunge halivunjwi kwa "break", ni "dissolve". Kuvunja mbavu, kuvunja ungo na kuvunja jungu visijaribiwe neno kwa neno hata kidogo. Kufuturu, kwa upande mwingine, ni "break one's fast": "We broke our fast with dates." "Breakfast" ni chakula cha asubuhi tu.

Katika nahau, "Break a leg" ni dua njema kwa anayepanda jukwaani. Usimwambie mgonjwa anayekwenda kupigwa picha ya mfupa. "It won't break the bank" ni bei haitakufilisi. "Break the ice" ni kuanzisha mazungumzo watu wanapooneana haya. Na wanaoandika maombi ya miradi ya kilimo wawe waangalifu: "break wind" ni kujamba. Miti ya kukinga upepo ni "windbreak", neno moja.

Kimatamshi, "break" hufanana na "great", si na "speak", ila ndani ya "breakfast" irabu inafupika, "brek". Hutamkwa sawasawa na "brake", ambayo ndiyo breki ya gari, kwa hiyo sikio halikusaidii unapoandika. Tangazo la gari lenye "new breaks" limekosea, andika "new brakes". Kitenzi huandikwa maneno mawili, nomino moja: "The bus broke down", lakini "We had a breakdown near Chalinze."