Kuingiza mtandao kwenye jengo la ghorofa kumi kwa DAS

Mawimbi ya mnara wa nje hufika yakiwa yamechoka kwenye maegesho ya chini ya ardhi, na hata kwenye ofisi zenye vioo vya kuzuia joto, kwa sababu vioo hivyo vina utando mwembamba wa metali unaoyarudisha nje. DAS (mfumo wa antena zilizosambazwa) hutatua hilo kwa chanzo kimoja cha redio na antena ndogo nyingi za darini zinazogawana nguvu yake kupitia kebo.

Kibali kwanza. Masafa ni ya kampuni ya simu iliyopewa leseni na mdhibiti (TCRA Tanzania, CA Kenya), hivyo chanzo hufungwa na kampuni hiyo au kwa idhini yake. Ripita (kifaa cha kukuza mawimbi) iliyonunuliwa dukani na kuwashwa kienyeji huweza kuujaza mnara kelele na kuwaharibia watu mtaa mzima.

Halafu piga hesabu kabla ya kununua hata mita moja ya kebo, ukianzia kwenye simu na kurudi nyuma. Tuchukue LTE (4G) ya MHz 1800 yenye upana wa MHz 20, simu ikitakiwa kupata RSRP (nguvu ya mawimbi ya rejea yanayoifikia) ya -95 dBm, yaani desibeli (dB) zinazohesabiwa kutoka miliwati moja. Mita 15 za hewa hula dB 61, kuta mbili za tofali tuzikadirie dB 20, na antena huongeza dB 2. RSRP kwenye mlango wa antena basi iwe -16 dBm. Wengi huteleza hapa: RSRP ni nguvu ya kijimkondo kimoja tu kati ya 1,200 vinavyogawana upana huo, na nguvu nzima iko juu yake kwa dB 31. Antena inahitaji 15 dBm, sawa na miliwati 32.

Kila ghorofa ikiwa na antena nne, spilita (kigawanyi sawa) ya njia nne hula dB 6, kebo ya nusu inchi ya mita 30 kama dB 3, na konekta nusu dB. Mlango wa ghorofa unahitaji takriban 25 dBm. Chanzo cha wati 20 hutoa 43 dBm, kinatosha, ila usigawe shina (kebo kuu inayopanda ghorofa zote) kwa spilita. Tumia kapla, ambazo huchota kidogo na kuacha kingi kipite: ya dB 15 huchota asilimia 3 na inafaa ghorofa zilizo karibu na chanzo; ya dB 10 huchota asilimia 10, iwe katikati; ya dB 6 huchota robo, iwe karibu na mwisho. Ukifunga kapla za aina moja kote, ghorofa za mwisho zitabaki na njaa.

Kebo isikunjwe kwa kona yenye nusu kipenyo chini ya milimita 125.

Sasa konekta, ambazo ndizo huua mifumo mingi. Chembe za shaba zilizobaki baada ya kukata, kutu, au nati iliyolegea huchanganya mawimbi mawili na kuzaa la tatu, yaani PIM, linaloweza kuangukia kwenye masafa ambayo simu hutumia kurusha. Simu itaonyesha vistari vyote, lakini maongezi yatakatika. Safisha kila ncha, kaza konekta ya aina ya 4.3-10 kwa spana ya kipimo hadi Nm 5, kisha pima PIM na VSWR (kipimo cha mawimbi yanayorudi nyuma kwenye kebo) kila tawi, VSWR isizidi 1.5. Vipimo vyote vifanywe kabla fundi wa dari hajafunga bodi.