Sarafu za Kirumi: anza na bega, uso baadae

Wengi wakishika sarafu ya Kirumi wanakimbilia uso na maandishi, mimi nakwambia anza na bega. Chukua Probus, mfalme wa Roma aliyetawala mwaka 276 hadi 282, uso wake ni uleule tu, ndevu fupi, shingo nene, ila mavazi yake ni mengi ajabu na hapo ndo sarafu mbili zinazofanana zinapoachana.

Shingo ikiishia hapohapo bila nguo, hicho ni kichwa peke yake, andika hivyo kwenye maelezo ya sarafu. Mabega yakionekana washa tochi ya simu, ilaze ubavuni mwa sarafu, usimulike kwa juu, halafu zungusha sarafu polepole. Ukiona mikunjo laini na bizimu ya duara begani, hilo ni joho. Ukiona vimistari vimepangana kama meno ya kitana juu ya mkono, hizo ni kanda za ngozi za deraya, yaani vazi la vita la kukinga kifua, na mara nyingi joho limefunika deraya kwa hiyo vyote viwili viandikwe, hapa ndo watu wanakosea sana. Kisha jiulize, unaona kifua au mgongo? Joho likishuka nyuma ya bega na kifua hakionekani, kageuka, andika anaonekana kwa nyuma.

Kichwani ni rahisi. Taji la majani ni la kawaida. Taji la miale kwa kawaida maana yake thamani mara mbili, ndo linatofautisha sarafu za dupondius na as (dupondius moja ni as mbili) kutu ikishaficha rangi ya shaba, na mfalme Caracalla akalitumia mwaka 215 kwenye sarafu ya fedha iitwayo antoninianus. Wanawake kama Julia Domna, mama yake Caracalla, wanawekewa hilali chini ya kifua badala ya miale. Utepe wa lulu kwa mfalme, fikiria mfalme Constantine miaka ya 320 na kuendelea.

Mikononi usiruke kitu. Fimbo yenye tai juu pamoja na vazi pana la marembo, huyo kavaa kikonsuli, yaani kama konsuli, afisa mkuu wa Roma.

Kuandika fuata mpangilio mmoja tu siku zote, kwa mfano: taji la miale juu ya helmeti, deraya, mkuki begani, ngao, anatazama kushoto. Kushoto ni kwako wewe unayeangalia, sio kwake. Na sarafu ikiwa imelika begani weka alama ya kuuliza, usimvalishe mtu deraya ambayo hujaiona.