Kumuuguza paka mwenye figo zilizochoka, na kuamua siku ya kumpumzisha

Paka akishapita umri wa miaka 10, mojawapo ya maradhi yanayompata sana ni kuchoka kwa figo. Ugonjwa huu hauji kwa kishindo. Bakuli la maji huanza kuisha mapema, mchanga wake wa choo hulowa kuliko kawaida, manyoya hupoteza mng'ao, na uti wa mgongo huanza kuhesabika pingili moja moja chini ya kiganja. Dalili hizo zinapoonekana waziwazi, kwa kawaida theluthi mbili au zaidi ya uwezo wa figo imekwisha kupotea, na kilichopotea hakirudi. Kwa sababu hiyo mwongozo huu hauzungumzii kuponya, bali namna ya kumfanya mgonjwa aishi vizuri katika muda uliobaki, ambao huweza kuwa wiki chache au miaka kadhaa, na namna ya kutambua kwamba muda huo umekwisha na ni wakati wa kumpumzisha, yaani daktari kumwondolea uhai kwa sindano bila maumivu.

Anza na vipimo. Madaktari wa mifugo walio wengi wilayani kazi yao ya kila siku ni ng'ombe, mbuzi na kuku, kwa hiyo piga simu kabla ya kumsafirisha mgonjwa, uulize kama daktari anatibu paka na kama ana mahali pa kupimia damu. Chuo Kikuu cha Sokoine kilichopo Morogoro, na Chuo Kikuu cha Nairobi katika kampasi yake ya Kabete, hufundisha udaktari wa mifugo na hutibu wanyama wadogo pia. Omba apimwe kreatinini na urea (takataka ambazo figo hutakiwa kuzitoa) katika damu, ukolevu wa mkojo, madini ya potasiamu na fosforasi, na shinikizo la damu. Kreatinini ndiyo msingi wa kuugawa ugonjwa huu katika hatua 4, na kwa kuwa paka wa hatua ya 2 na yule wa hatua ya 4 hawana safari moja, usiondoke kwa daktari bila kuijua namba hiyo na kuiandika. Shinikizo la damu nalo lisipuuzwe, maana likipanda sana huweza kubandua kiwambo cha nyuma ya jicho, paka akapofuka kwa usiku mmoja. Mwenye paka hushtukia tu paka anagonga miguu ya meza, mboni zake zimetanuka hata juani. Amlodipini, dawa ileile wanayoimeza wazee wetu wenye presha, humsaidia paka pia, ila kwa kipimo chake alichopangiwa na daktari.

Nimetaja dawa ya binadamu, kwa hiyo ni lazima niongeze onyo. Usimpe paka panadol, hata kipande. Ini lake halina uwezo wa kuivunja kama letu, na kidonge kimoja cha miligramu 500 chatosha kumuua. Ibuprofeni na diklofenaki humalizia figo ambazo tayari zimechoka. Nimewaona watu wema wakifanya kosa hili kwa huruma tupu.

Katika chakula, adui mkubwa ni fosforasi, na nyumba zetu za pwani zina mazoea ya kumpa paka vitu vilivyojaa fosforasi: dagaa wakavu, vichwa vya samaki pamoja na mifupa yake, maini. Chakula maalumu cha paka wa figo huuzwa katika maduka machache ya mijini, na bei yake si ya mchezo. Asiyekipata azungumze na daktari juu ya chakula cha nyumbani, mathali nyama ya kuku iliyochemshwa bila mifupa wala chumvi. Mchuzi wetu uliobaki mezani usitumike, kwa kuwa kitunguu maji na kitunguu saumu vilivyomo huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Pamoja na hayo yote, kula ni muhimu kuliko kula sahihi. Paka asiyekula kabisa kwa siku mbili au tatu huweza kurundika mafuta kwenye ini na kufa kwa maradhi mengine kabla ya figo kumfikisha huko, kwa hiyo akigoma chakula cha daktari na kutamani dagaa wake, mwachie dagaa, kisha urudi kwa daktari umwombe dawa ya kuzuia kichefuchefu na ya kuamsha hamu. Kukipasha chakula moto kidogo, kiasi cha uvuguvugu, hutoa harufu, na paka hula kwa pua kabla ya ulimi.

Figo zilizochoka haziwezi kuyazuia maji mwilini, ndipo inapokuja dripu ya chini ya ngozi, ambayo mtu wa kawaida hujifunza kuiweka mwenyewe nyumbani. Mimi niliogopa wiki nzima, kisha nikagundua kwamba ni kazi ya dakika 10. Chupa ya Ringa lakteti, yaani maji ya dripu yenyewe, huzamishwa kwanza katika beseni la maji ya moto mpaka ipate joto la mwili, na hujaribiwa kwa tone moja juu ya kifundo cha mkono. Yangu niliitundika kwenye msumari juu ya dirisha, kwa kuwa maji hushuka kwa uzito wake tu. Hakikisha mpira umejaa maji na hauna hewa, weka sindano mpya namba 18 au 20, umkalishe paka juu ya taulo akiwa amekupa mgongo, uinue ngozi iliyo kati ya mabega mpaka isimame kama hema, kisha uingize sindano kwenye tako la hema hilo, sambamba na mgongo. Ukilowa vidole, ujue umetokea upande wa pili. Jaribu tena bila kujilaumu. Kipimo huamuliwa na daktari, na mililita 100 ni kiasi kinachotajwa mara nyingi kwa paka wa kilo 4, lakini mwenye moyo mbovu huweza kuzidiwa na maji hayo, basi usijipangie. Nundu itakayotokea mgongoni huteremka taratibu hadi kwenye mguu wa mbele na kunyweka baada ya saa kadhaa. Isikutishe.

Mengineyo ni ya akili ya kawaida: sanduku la mchanga lenye ukingo mfupi karibu na anapolala, bakuli za maji zaidi ya moja, tandiko lisilo na upepo, na kumchana manyoya kwa kuwa mwenyewe hawezi tena.

Tafuta daftari. Ningeambiwa nichague kifaa kimoja tu katika uuguzi huu, ningelichagua daftari mbele ya dripu. Kila jioni andika kama alikula, alitapika mara ngapi, alilala wapi, na kila Ijumaa mpime uzito. Mimi nilimweka ndani ya beseni juu ya mizani ya unga. Mawardi, paka wangu wa miaka 14, alishuka kutoka kilo 4.1 hadi 2.6, na bila daftari ningeapa kwamba alikuwa vilevile, kwa kuwa jicho linalomwona mgonjwa kila siku halioni anavyopungua.

Maumivu ya paka husomwa usoni. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montreal nchini Kanada walitoa kipimo cha kutazama mambo matano: masikio yaliyovutwa mbali na kushuka pembeni, macho yaliyofinywa, mdomo uliokaza, masharubu yaliyonyooka badala ya kupinda, na kichwa kilichoinama chini ya mabega. Kila jambo hupewa alama 0 hadi 2, na jumla ikifika 4 kati ya 10 paka huyo anahitaji dawa ya maumivu. Kukoroma kwa raha kusikudanganye, maana paka hukoroma hata akiwa katika dhiki.

Kuhusu uamuzi wenyewe, kipo kipimo cha Alice Villalobos, daktari wa saratani za wanyama wa Marekani, kinachotoa alama 0 hadi 10 kwa mambo saba, nayo ni maumivu, kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema ni nyingi kuliko mbaya; jumla ikizidi 35 maisha huhesabiwa kuwa yanastahimilika. Ni kipimo kizuri cha kuanzia mazungumzo nyumbani, lakini jumla huficha mambo: paka anayehangaika kupumua hafidiwi na alama nzuri za usafi. Kwa hiyo nashauri jambo jingine. Wakati mgonjwa bado ana nafuu, andikeni nyuma ya daftari mambo matatu yanayomfanya awe yeye, na mkubaliane kwamba mawili yakikosekana siku tatu mfululizo, daktari anaitwa. Ya Mawardi yalikuwa kupanda dirishani kumngojea muuza samaki, kuja mlangoni akisikia funguo, na kula bila kulishwa. Mawili yalipokwisha nilisubiri siku nne zaidi, ili binti yangu afike kutoka Dar es Salaam. Siku hizo nne kinywa chake kilijaa vidonda, akawa analisogelea bakuli, analinusa, na kugeuka. Sizisahau, na sizipendekezi kwa mtu.

Wapo watakaosema aachwe afe mwenyewe. Iwapo paka angelala na asiamke, ningekubaliana nao. Lakini takataka ambazo figo zimeshindwa kuzitoa hubaki ndani ya damu, zikaleta kichefuchefu kisichokoma, vidonda vya mdomo, na mwishoni huweza kuleta degedege, kwa muda wa siku nyingi. Kumpeleka sokoni na kumwacha huko ili asifie nyumbani ni ukatili, hata kama jirani wamezoea. Kwa Waislamu, wanazuoni hawana kauli moja juu ya kumpumzisha mnyama asiyetarajiwa kupona, hivyo mwulize sheikh unayemwamini mapema, si usiku wa dhiki. Hadithi iliyomo katika Sahih Muslim, inayoamrisha wema hata katika kuchinja, kwa vyovyote inahusu namna ya kutenda.

Namna hiyo nayo ina masharti. Muulize daktari, tena kabla ya siku yenyewe, atatumia dawa gani. Inayofaa ni pentobarbitali, yaani dawa ya nusukaputi kwa kipimo cha kuzidisha, itanguliwe na sindano ya kumlaza. Kloridi ya potasiamu isitumike kabisa kwa mnyama ambaye hajapoteza fahamu. Maliza malipo mapema, na uombe daktari aje nyumbani ikiwezekana. Waambie watoto ukweli kwa neno «atakufa», wala si «atalala», wasije wakauogopa usingizi wao wenyewe. Dawa hufanya kazi kwa sekunde au dakika chache. Macho hubaki wazi, mkojo huweza kutoka, na pengine hutokea pumzi moja au mbili za mwisho wakati moyo umekwisha kusimama. Daktari atausikiliza moyo kabla ya kusema lolote.

Mzike siku hiyohiyo, ndani ya kitambaa, kwenye shimo la kina cha mita 1 mbali na kisima, na uweke mawe juu, kwa kuwa pentobarbitali hubaki mwilini na mbwa au kunguru atakayemfukua huweza kufa. Ikiwa una paka mwingine, mwache amnuse kwanza. Sindano zilizotumika zikusanye katika chupa ngumu yenye kifuniko, na chupa za dripu ambazo hazijafunguliwa mrudishie daktari, kwani yuko mgonjwa mwingine anayezihitaji.