Zunguka kisiwa bahari ikiwa upande wako

Unapopanga kuzunguka kisiwa kwa gari kupitia barabara ya pwani, chagua mwelekeo utakaoiweka bahari upande uleule unaoendeshea. Nchi zinazoendesha kushoto, kama New Zealand, fuata mwelekeo wa mishale ya saa. Zinazoendesha kulia, kama Iceland, zunguka kinyume chake. Hakuna gari litakalopita kati yenu na maji, abiria wa mbele anapata dirisha la baharini, na penye mandhari nzuri unaegesha pembeni bila kukatiza magari yanayokuja. Hilo la mwisho ndilo kubwa, hasa karibu na kona. Ila dereva anayeogopa kimo asilazimishwe: barabara ikipita juu ya genge bila kingo, afadhali upande wa mlima. Na barabara ikiacha pwani, mwelekeo haukusaidii kitu.