Kupanga klipu za kwanjula ili usihangaike kuzitafuta

Kama unaediti harusi na makwanjula, zile sherehe za Baganda za kumtambulisha bwana harusi kwa familia ya bibi harusi, Kampala unajua vile inakuwaga, kamera tatu, droni moja na binamu aliyerekodi kwa simu, halafu familia inapiga kesho yake inataka kile kipande ssenga, yaani shangazi wa bibi harusi, anamtafuta bwana harusi kati ya wageni, wanakitaka saa hiyo hiyo.

Kazi inaanzia nje ya programu. Fungua folda moja ya shughuli nzima, jina lianze na tarehe, mwaka mbele, mfano 2025-08-16_kwanjula_mukono, hapo kompyuta inazipanga yenyewe kwa mfuatano. Ndani weka folda ndogo za kamera A, kamera B, droni, simu, sauti. Kadi mbili zisikae folda moja jamani! Kamera nyingi za Sony zinaandika C0001.MP4, C0002.MP4, kwa hiyo kamera zote mbili zinaweza kuwa na C0001 yake, ukizimwaga pamoja Windows inauliza kama ibadilishe faili, na wewe una usingizi unabonyeza ndiyo, hotuba ya mwogezi, msemaji wa familia, imeenda hiyo.

Ukishaziingiza usirudi nje kubadilisha majina wala kuhamisha folda. Premiere na Resolve, hizi programu za kuediti, hazimezi video, zinakumbuka tu faili liko wapi, ukilihamisha unaletewa Media Offline, yaani faili halionekani. Hata diski ya nje ikibadilika herufi kutoka E kuwa F ni hivyo hivyo. Dawa yake, bofya kulia, kwa Premiere chagua Link Media, kwa Resolve Relink Selected Clips, uionyeshe njia mpya.

Sasa kutafuta. Premiere kuanzia toleo la 25.2 la Aprili 2025 unaweza kuandika kitu kinachoonekana kwenye picha ikakutafutia, na hiyo kazi inafanyika kwenye kompyuta yako bila bando. Tamu kweli, lakini kwa wanawake wote waliovaa gomesi, lile vazi la kitamaduni, haijui ssenga ni yupi. Hiyo lazima uandike wewe.

Mimi natumia Resolve ya bure, inatosha kabisa. Chagua klipu zote za tukio moja, fungua Metadata, sehemu ya maelezo ya klipu, kwenye Keywords andika ssenga, au zawadi, wazee, chakula, na zikiwa nyingi kwa pamoja bonyeza Save la sivyo hakuna kilichoandikwa. Halafu tengeneza Smart Bin, folda ya ndani ya programu, sharti lake Keywords iwe na neno ssenga, basi inajijaza yenyewe, hata klipu utakayoleta kesho ukiiwekea neno hilo inaingia humo. Premiere nayo ina Search Bin, wazo ni lile lile, maelezo yako unaandika kwenye safu ya Description au Log Note.

Tahajia shikilia moja. Ukiandika ssenga leo na senga kesho, ukitafuta ssenga zile za senga hazitoki. Ukitafuta senga zinatoka zote, maana senga imo ndani ya ssenga, kwa hiyo ukikwama punguza herufi.

Rangi za klipu ni hiari. Mimi naweka kijani kwa zile nzuri tu, mbovu naziacha bila rangi, na sizifuti mpaka mteja amelipa, maana kuna siku atauliza mbona shangazi fulani haonekani.