Barua za Unguja zilizolala Marekani: namna ya kuzifikia na kuzisoma

Nilikuwa nimeishi Massachusetts miaka mitatu ndipo nilipojua kwamba, mwendo usiofika saa moja kutoka ninapolala, kuna makasha ya barua zilizoandikwa Unguja kabla babu wa babu yangu hajazaliwa. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuwa nimeuliza. Naandika haya kwa ajili ya Mswahili mwingine aliye Boston, Washington, New York au hata Muscat na London, ajue kwamba barua zile zinasomeka, mlango wake uko wazi kwake, na kuingia ni bure.

Kwanza tujue zilifikaje huko. Bibi zetu walikiita kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi "marekani", na jina hilo lina asili yake. Kitambaa kilifumwa New England, kikapakiwa kwenye meli za Salem, bandari ndogo kaskazini ya Boston, kikaja Unguja kubadilishwa kwa pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na ngozi. Tarehe 21 Septemba 1833, mjini Muscat, Edmund Roberts alifunga, kwa niaba ya Marekani, mkataba wa urafiki na biashara na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Muscat na Unguja. Mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, akafika Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa nchi yake. Waters alikuwa mfanyabiashara vilevile, kwa hiyo mkono mmoja uliandikia serikali na mwingine ukawaandikia matajiri wa kwao.

Meli ilichukua miezi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Tajiri aliyekaa Salem hakuwa na njia ya kujua bei ya frasila moja ya pembe, wala kama Mhindi fulani amelipa deni lake, ila kwa barua. Mali bila daftari hupotea bila habari, nao hawakutaka ipotee, basi waliandika kila kitu. Waliandika mvua iliyochelewesha jahazi, bei ya sandarusi, ugomvi na Waingereza, homa iliyomlaza karani. Barua muhimu ziliandikwa nakala mbili na kutumwa kwa meli mbili tofauti, moja ikizama nyingine ifike. Ndiyo maana ukipekua utaikuta barua ileile mara mbili. Usidhani umekosea kasha.

Nyaraka hizi ziko sehemu kuu mbili, na ni vyema uzitofautishe tangu mwanzo maana watu wengi huenda pasipo pao.

Barua za matajiri na familia zao ziko Maktaba ya Phillips, ambayo ni ya makumbusho ya Peabody Essex. Makumbusho yenyewe yako Salem, lakini tangu 2018 maktaba imo katika jengo jingine, mji wa Rowley, kaskazini zaidi. Nenda Salem ukitaka kuiona picha ya Ahmad bin Naaman, mjumbe wa Sayyid Said aliyefika New York na meli ya Sultana mwaka 1840, iliyochorwa na Edward Mooney. Ni picha ya kusimama mbele yake muda mrefu: kilemba, joho, na macho ya mtu aliyekuja kufanya kazi. Ukitaka karatasi, nenda Rowley. Kuna treni kutoka Boston, ila maktaba iko mbali na kituo, utahitaji gari. Andika barua pepe kabla ya kwenda, taja mkusanyiko unaoutaka na siku utakayofika, ili makasha uyakute yameshatolewa.

Za serikali ziko Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, katika jengo lao la College Park, Maryland. Huko usiulize "nyaraka za Zanzibar", utapewa orodha isiyo na mwisho. Nyaraka zimepangwa kwa ofisi iliyoziandika au kuzipokea, na kila ofisi ina namba ya fungu lake. Fungu namba 59 ni la Wizara ya Mambo ya Nje: humo zimo barua zilizotoka Unguja zikapokewa Washington. Fungu namba 84 ni la karatasi zilizobaki kwenye ubalozi mdogo wenyewe: nakala za barua zilizotumwa, maombi ya watu wa mjini, risiti, malalamiko ya mabaharia. Mimi napenda zaidi la 84, kwa sababu humo mji unasikika. La 59 linaonyesha walichotaka wakubwa wakisikie. Barua za Unguja zilizopelekwa wizarani kuanzia miaka ya 1830 hadi 1906 zilipigwa picha kwenye mikrofilamu, kwa hiyo pekua kwanza katalogi ya Hifadhi kwenye intaneti kabla hujakata tiketi.

Kuhusu kuingia. Nimesikia watu wakisema "kule ni kwa maprofesa" au "wataniuliza viza". Hifadhi ya Taifa inampa kadi ya msomaji mtu yeyote mwenye umri wa miaka 14 na zaidi, raia au asiye raia, bila malipo. Wanachotaka ni kitambulisho cha serikali chenye picha, na pasipoti yako ya Tanzania au Kenya ni kitambulisho cha serikali. Maktaba ya Bunge mjini Washington nayo ina kadi yake ya bure kwa wenye miaka 16 na zaidi. Hakuna anayekudai barua ya chuo. Ukiulizwa unatafiti nini, jibu kwa utulivu: historia ya kwetu.

Mkoba, koti na chupa ya maji utaviacha kwenye kabati la kufunga nje ya chumba cha kusomea. Kalamu ya wino hairuhusiwi kabisa, beba penseli. Kompyuta ya mkononi na simu vinaruhusiwa, na picha unaweza kupiga mwenyewe bila mwanga wa flashi, ila uliza kwanza mezani kwa sababu kila nyumba ina desturi yake. Kasha moja mezani, jalada moja mkononi, na karatasi zibaki katika mpangilio uliozikuta nao hata ukiuona una kasoro. Mpangilio huo wenyewe ni ushahidi. Na zungumza na mtunza nyaraka. Watu hawa wamekaa na makasha miaka mingi, na mara nyingi mgeni anayekuja na swali la dhati wanamfurahia. Mimi swali la kwanza niliuliza kwa sauti ndogo kama ninayeomba chumvi kwa jirani. Jibu lilikuja na makasha matatu ambayo sikuyajua.

Sasa linalowakwamisha wengi: maneno ya kutafutia. Ukiandika "Unguja" katika katalogi hupati kitu. Waandishi wale waliandika walivyosikia, na kila mmoja alisikia kivyake. Sayyid Said utamkuta kama "Syed Said" au, mara nyingi zaidi, "Imaum of Muscat", au "Sultan of Muscat". Mkataba wa 1833 wenyewe umeorodheshwa chini ya Muscat, kwa hiyo aliyetafuta "Zanzibar" peke yake ameupita mlangoni. Lamu ni "Lamo". Mombasa ina herufi za kila namna, jaribu "Mombas". Kenya kabla ya 1920 ni "British East Africa", na Tanganyika kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ni "German East Africa". Wafanyabiashara Wahindi wa dini ya Kihindu wameitwa "Banyan". Jairam Shivji, aliyekodi forodha ya Unguja na kuwa mtu mzito kuliko wengi mjini, ameandikwa "Jeram". Andika karatasi yako ya majina namna hii kabla ya kwenda, na kila utakapokutana na tahajia mpya iongeze. Daftari langu la tahajia ndilo lililonifaa kuliko kitu kingine chochote nilichobeba.

Mwandiko nao unataka uvumilivu. Saa ya kwanza utaona mistari iliyolala kama mchaichai uliopigwa na upepo, husomi kitu. Usikate tamaa. Chukua barua moja ya karani mwenye mkono mzuri, inakili yote kwa penseli, hata maneno usiyoyajua uache pengo. Kufika ukurasa wa tatu jicho limeshazoea. Vifupisho vichache hurudi kila mara: "inst." baada ya tarehe maana yake ni mwezi huuhuu, "ult." ni mwezi uliopita, na "do." ni kama hapo juu. "Frasila" wameiandika hovyo hovyo, lakini ni frasila yetu, karibu ratili 35. Wakitaja "German crowns" wanasema reale za fedha za Maria Theresa, zilizotumika pwani yote. Mwenye kubana matumizi ya karatasi alijaza ukurasa, kisha akaugeuza na kuandika tena juu ya mistari ileile kwa kukatiza. Usomaji wake: fuata mwelekeo mmoja tu na ujilazimishe usiuone wa pili. Bahasha hazikutumika sana. Barua ilikunjwa, ikapigwa lakiri, na anwani ikaandikwa mgongoni. Basi daima piga picha mgongo wa barua, maana hapo pana jina la meli na siku ilipopokelewa.

Na kuna wasioandikwa. Waters alikuwa mtu wa dini, aliyechukizwa na utumwa alioukuta Unguja, huku biashara yake ikipita mikononi mwa waliomiliki watumwa. Pembe aliyoipima kwa frasila ilibebwa kutoka bara mabegani mwa watu. Karafuu zilichumwa na watu. Katika makasha yote hayo majina yao ni nadra mno; wanaonekana kama idadi, au kama "mpagazi", au hawaonekani. Ninaposoma hesabu ya shehena huandika pembeni swali moja: nani aliinua hii? Wakati mwingine jibu hupatikana kwenye karatasi nyingine, kesi ya deni au orodha ya mabaharia. Tafuta huko. Ni kazi ya polepole, lakini ndiyo kazi yenyewe hasa, na sisi wenye majina yanayofanana na yao ndio tutakaoyatambua yakitokea.

Kama moyo wako hauko karne ya 19, ziko barua za karibu zaidi. Septemba 1959 wanafunzi 81 wa Kenya walipanda ndege kwenda kusoma Marekani kwa jitihada za Tom Mboya na wenzake, na safari zikaendelea hadi mwanzo wa miaka ya 1960. Karatasi za Mboya ziko Taasisi ya Hoover, chuo cha Stanford. Maktaba ya Rais Kennedy, Boston, ina nyaraka za msaada wa dola 100,000 uliotolewa mwaka 1960 na wakfu wa familia yake, na nyingi za maktaba hiyo zimeshawekwa kwenye intaneti. Barua za Barack Obama mkubwa, baba wa rais, za kijana anayetafuta fedha za masomo, ziko Kituo cha Schomburg, Harlem. Wangari Maathai, mmoja wa waliokwenda katika safari hizo, alisoma Atchison, Kansas. Ikiwa baba, shangazi au babu yako alikuwa miongoni mwa kizazi kile, mwandikie mtunza nyaraka wa chuo alichosoma. Vyuo huhifadhi magazeti ya wanafunzi, picha, vitabu vya mahafali, na mara nyingine barua za kuombea nafasi. Jalada la masomo la mtu aliye hai halifunguliwi bila ridhaa yake, kwa hiyo kama mzee yupo mwombe atie saini, na uketi naye kabla hujatuma. Swali la "uliondoka mwezi gani?" huzaa simulizi ya jioni nzima.

Jalada lako mwenyewe la uhamiaji nalo una haki ya kuliomba. Sheria ya 1966 ya kupata taarifa za serikali inamruhusu mtu yeyote kuomba, hata asiye raia. Linachukua muda, lakini wengi wamekuta humo fomu walizosahau na picha zao za kwanza.

Mwisho, usipoteze ulichokipata. Kabla ya kupiga picha ya karatasi, piga ya lebo ya kasha na ya jalada: fungu, namba ya kasha, jina la jalada. Picha isiyo na anwani hiyo, baada ya miezi sita, hata wewe mwenyewe hutajua imetoka wapi. Barua za maofisa wa serikali ya Marekani hazina hakimiliki nchini humo. Za matajiri wa miaka ya 1830 na 1840 muda wake umekwisha zamani, ila maktaba inaweza kukutoza ikikupigia picha rasmi za kuchapisha. Kisha tuma nyumbani. Hifadhi ya nyaraka ya Zanzibar iko Kilimani, na inafaa uwaandikie uwaulize kama wangependa nakala. Nami huwatumia wazee wangu kwa simu, ukurasa mmoja mmoja. Wiki iliyopita ilinishinda tahajia ya jina la mtaa, nikahangaika nayo siku mbili. Shangazi aliisoma kwa sauti mara moja tu, akacheka, akaniambia tumepita hapo kila Ijumaa.