Kufuga kopepodi kwenye tanki la maji ya chumvi kabla hujanunua mandarini

Samaki wangu wa kwanza wa aina ya mandarini alikufa njaa ndani ya tanki lenye chakula tele. Kila siku namwaga chakula cha chembe na cha friza, wenzake wanashiba, yeye anapita juu ya mawe anadonoa donoa tu, na dukani nilikuwa nimeambiwa atazoea. Hakuzoea, tumbo likabonyea, akaisha hivyo nikimtazama, na iliniuma sana. Yule samaki anadonoa vijidudu hai kutwa nzima, hasa kopepodi, wale jamii ya kamba ambao wengi hata milimita 2 hawafiki. Kwa hiyo siku hizi hapa Mombasa naanza na chakula, samaki baadaye.

Hatua ya 1: maficho
Tanki liwe limeshaiva, amonia sifuri, naitraiti sifuri, chumvi 1.025 (uzito wa maji ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi), joto nyuzi 25 hadi 27. Kama una sampu, yaani tanki la pili la pembeni ambalo maji hupitia kuchujwa, tenga chumba kimoja utie ule mwani wa nyuzinyuzi tunaouita keto na vipande vya mawe, taa yake iwake usiku ile ya tanki ikizimwa. Huna sampu? Rundika vipande vya mawe vya ukubwa wa kidole gumba kona ya nyuma, samaki wasipopenya ndipo kopepodi watakapozaliana.

Hatua ya 2: ndoo ya pembeni
Hii ndo watu wanairuka afu wanalalamika kopepodi wameisha. Chukua ndoo safi ya lita 20 isiyowahi kuguswa na sabuni, tia lita 15 za maji ya chumvi, ingiza mpira wa hewa bila lile jiwe la kutoa povu, unataka mapovu makubwa ya polepole, moja moja, kama mawili kwa sekunde. Mbegu nunua chupa ya kopepodi aina ya Tisbe, hao wanatambaa kwenye mawe na vioo na wanadumu, Tigriopus ni wakubwa na wekundu ila wanaogelea waziwazi na samaki wanawamaliza mapema. Chupa ikinuka yai viza usiipokee.

Chakula chao ni fitoplanktoni, yaani mwani mdogo sana unaoelea majini. Mimina kidogo mpaka maji yawe kijani hafifu, bado unaona chini ya ndoo, kisha subiri yarudi kuwa meupe ndo uongeze tena, inaweza kuchukua siku 2 au 3 na usiwe na haraka, maana ukizidisha maji yanaoza na wote wanakufa kwa usiku mmoja. Baada ya wiki 3 hivi mulika tochi pembeni ya ndoo, utaona vidoti vyeupe vinarukaruka, na majike wengine wana kimfuko cha mayai nyuma kabisa ya mwili. Hapo vuna robo ya maji kila wiki, chuja kwa kitambaa chenye matundu madogo sana, jazia maji mapya.

Stima ikipotea weka pampu ya hewa ya betri. Na gawa ndoo ziwe mbili, moja ikiharibika unayo nyingine.

Hatua ya 3: kuwaachia
Fanya usiku, taa zimezimwa, samaki wamelala. Sawazisha joto na chumvi polepole kwa kudondosha maji ya tanki ndani ya chombo chao, zima pampu, washushe kwa mrija mpaka katikati ya mawe, subiri nusu saa, washa pampu tena, tafadhali usisahau kuwasha. Soksi ya chujio itoe siku chache na taa ya yuvii, ile ya kuua vijidudu majini, izime. Dawa yoyote yenye shaba isiingie kabisa kwenye hilo tanki, inaua kopepodi, kamba na konokono pamoja.

Hatua ya 4: kusubiri
Rudia kuwaachia kopepodi kila wiki kwa miezi 2 au 3. Kipimo changu ni kioo, saa moja baada ya taa kuzimwa namulika tochi, nikiona wanatambaa kila pembe ninayomulika basi tayari, nikihesabu watatu wanne naendelea kusubiri. Mandarini mmoja tu, na tanki lisiwe chini ya lita 200, tena bila samaki mwingine wa kushindana naye kwa kopepodi. Akishaingia mwangalie tumbo kila asubuhi ukiwa juu yake, likiwa la mviringo sawa, likianza kubonyea nyuma ya mapezi mvunie ndoo siku hiyohiyo.